Kuzima Taa Chini ya Mlima Kenya: Giza la Lazima na Giza la Hiari

Timau ni mji mdogo wa barabarani, takriban kilomita 20 kutoka Nanyuki ukielekea Meru. Kusini mwake umesimama Mlima Kenya. Kaskazini ardhi inashuka na kukauka mpaka Isiolo na Samburu. Maji ya upande huu hufuata mteremko huo. Mito ya Sirimon, Ngusishi, Timau na Ngare Ndare hutoka mlimani, hupita kwenye ngano, viazi na mashamba ya maua, kisha maji yake yakashika njia ya Ewaso Ng'iro na kuishia nyikani, katika kinamasi cha Lorian. Maji haya hunywesha watu, ng'ombe na ndovu, lakini hayazungushi mtambo wowote mkubwa wa umeme.

Upande wa pili wa mlima mambo ni tofauti. Sagana, Nyamindi, Rupingazi na Thiba huteremka kusini na kuingia Tana, pamoja na mito inayotoka milima ya Nyandarua. Tana ndio mto uliowasha taa za Kenya. Mtu wa Timau anapobonyeza swichi jioni, sehemu ya mwanga unaomulika meza yake ni mvua iliyonyesha nyuma ya mlima, ikahifadhiwa na msitu ambao pengine hajawahi kuukanyaga.

Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, watu wa mataifa mengi huombwa wazime taa za nyumbani kwa saa moja kuanzia saa mbili unusu usiku, wakumbuke hali ya dunia. Watu wengi wa mlimani huuliza, na wana haki ya kuuliza: wao waliokaa gizani vizazi na vizazi, ombi hilo linawahusu nini? Linawahusu kuliko wengi wanavyodhani. Miaka michache kabla ya mwaliko huo kutungwa, Kenya nzima ilizimiwa taa, na kisa cha kuzimiwa taa hizo kilikuwa kikisomeka kwenye misitu ya mlima huu.

Mwanga wa wachache

Umeme ulifika Afrika Mashariki kama kitu cha ikulu. Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya umeme ya Kenya, jenereta ya mwanzo ilinunuliwa mwaka 1875 na Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar ili kuangaza kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilipita mikononi mwa mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Nairobi nayo ilikuwa na kampuni yake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa, ikazaliwa East African Power and Lighting, iliyokuja kuitwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983.

Kampuni hiyo ilitazama mito ya nyanda za juu mapema. Mtambo wa Ndula kwenye mto Thika ulianza kazi mwaka 1925. Wanjii, katika eneo la Murang'a, ukafuata mwaka 1952. Ilikuwa mitambo midogo, na umeme wake ulikwenda Nairobi na kwenye miji ya wazungu. Timau ilikuwa ndani ya eneo lililotengewa walowezi, nchi ya ngano, kondoo na ng'ombe wa maziwa. Waafrika walioishi huko waliishi kama vibarua, na mwanga wao ulikuwa moto wa mafiga na koroboi ya mafuta ya taa.

Kwa muda Kenya ilikopa mwanga kwa jirani. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa huko Jinja mwaka 1954, waya ulivutwa kutoka Tororo, na kuanzia mwaka 1958 Nairobi ikawa inapokea umeme kutoka Uganda. Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilitaka umeme wa nyumbani, na macho yote yakageukia Tana.

Ngazi ya mabwawa

Mahali ambapo Tana inaacha nyanda za juu na kuporomoka kuelekea tambarare, wahandisi waliona ngazi. Maji yaleyale yangeweza kuzungusha mtambo mmoja, yakatiririka na kuzungusha wa pili, kisha wa tatu. Kindaruma ilianza mwaka 1968. Kamburu ilifuata mwaka 1974, na Gitaru mwaka 1978. Hii ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na megawati 225. Mwaka 1981 bwawa la Masinga likakamilika juu ya mengine yote, likawa ghala: lingeweza kuweka mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5 za mvua ya masika na vuli, na kuyapa mabwawa ya chini maji wakati wa kiangazi. Kiambere ikafunga ngazi hiyo mwaka 1988.

Ilikuwa kazi kubwa, na nchi iliionea fahari. Viwanda vya Nairobi na Thika vilikua juu ya mgongo wa mto huo. Kufikia miaka ya 1990, zaidi ya theluthi mbili za umeme wa Kenya zilikuwa zikitokana na maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ya Tana.

Lakini ngazi hiyo ilijengwa juu ya sharti ambalo halikuandikwa kwenye mkataba wowote. Bwawa halitengenezi maji, hupokea tu. Mvua inayonyesha Mlima Kenya na Nyandarua ni lazima kwanza ipokewe na msitu. Majani huvunja nguvu ya matone, mizizi na udongo laini hunywa, na chemchemi hutoa kidogokidogo kwa miezi. Mlima ukiwa uchi, mvua ileile huporomoka kwa siku chache, ikabeba udongo na kuutupa ndani ya bwawa. Wakati wa mvua maji yanazidi, wakati wa kiangazi hayapo, na kila mwaka nafasi ya kuyaweka inapungua kwa sababu ya tope.

Watu wa mlimani walilijua hilo kabla ya wahandisi. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, alikua akichota maji kwenye vijito ambavyo baadaye aliviona vikikauka. Mwaka 1977 aliasisi Green Belt Movement, akaanza kwa kupanda miti 7 Nairobi, kisha akawaendea wanawake wa vijijini. Walikuwa wakimwambia jambo moja: kuni ziko mbali, maji yako mbali, na udongo unaondoka. Kwa hao wanawake mazingira hayakuwa somo la darasani. Yalikuwa saa walizotembea kila asubuhi.

Mwaka 1999

Mwaka ambao mambo haya yote yalikutana ni 1999.

Ulianza kwa damu. Tarehe 8 Januari, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mche katika msitu wa Karura, Nairobi, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Walinzi waliwashambulia, naye akapigwa kichwani. Kisa hicho kiliifanya nchi iulize ardhi ya misitu inakwenda wapi.

Miezi michache baadaye, ndege ndogo za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ziliruka juu ya Mlima Kenya, msitu wa Imenti na msitu wa Ngare Ndare, ule unaopakana na Timau. Waliokuwemo walikuwa wakihesabu uharibifu, eneo baada ya eneo. Ripoti yao, iliyotoka mwezi wa Agosti mwaka huo, ilisikitisha. Miti zaidi ya 6,700 ya muthaiti, mti wa mbao za thamani unaoshika maji kwenye miteremko yenye mvua nyingi, ilikuwa imekatwa kinyume cha sheria. Matanuri ya makaa yalihesabika kwa maelfu. Ndani kabisa ya msitu wa asili kulikuwa na mashamba ya bangi. Mahali ambapo misonobari ilikuwa imevunwa kihalali na mazao kuruhusiwa kupandwa kwa muda, miti mipya kwa sehemu kubwa haikuwa imerudishwa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1997, Mlima Kenya ulikuwa umeandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Kisha mvua ikakatika. Ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 uliendelea mpaka mwaka 2000, na Masinga ikaanza kuonyesha matope yake. Kampuni ya umeme ikatangaza mgao. Mwanzoni ulikuwa wa saa chache. Katikati ya mwaka 2000 ukawa wa saa nyingi kila siku. Vinyozi walifunga vibanda. Vinu vya kusaga vilisimama huku magunia yakipanga foleni. Mafundi wa jua kali waliokuwa wakichomelea milango walikaa wakingoja. Maziwa yaliharibika kwenye vituo vya kupoezea. Viwanda vilipunguza zamu, na uchumi wa nchi ukadorora. Serikali ilikodi mitambo ya dharura ya dizeli yenye takriban megawati 100, na nchi iliyokuwa ikijivunia umeme safi wa mto ikaanza kuchoma mafuta ili ipate mwanga.

Hapa ndipo Timau inapotufundisha jambo. Wakati huo, mashambani mwa Kenya, chini ya nyumba 1 katika kila 20 ilikuwa na umeme. Familia nyingi zilizozunguka mlima hazikuwa na taa ya kuzimiwa. Nyaya za stima zilikuwa zimepita juu ya vichwa vyao kwenda kwingine. Hata hivyo giza la mwaka 2000 liliwafikia: kupitia kinu kilichosimama, bei ya unga iliyopanda, kazi iliyopotea mjini, na mto uliokauka karibu na boma lao. Waliokuwa wamelinda chemchemi bila kufaidi umeme wake walilipa kama waliokuwa wakiufaidi.

Ukame ulikuwa wa mbinguni, na nisingependa kuutwisha msitu lawama zote. Hata msitu mzima haunyeshi mvua ambayo haikuja. Lakini nchi iliyokuwa imepewa akiba na Mungu ilikuwa imeitumia akiba hiyo kabla ya siku ya shida. Ripoti ya ndege na tangazo la mgao vilitoka karibu wakati mmoja, kutoka ofisi mbili tofauti, na wananchi wachache sana walioneshwa kwamba vilikuwa vikisimulia habari moja.

Kidogo kilibadilika. Mwaka 2000 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa chini ya KWS, na uchunguzi uliofanywa tena mwaka 2002 ulikuta ukataji haramu umepungua sana. Wakati huohuo, mwaka 2001, serikali ilitangaza mpango wa kumega takriban hekta 67,000 za misitu sehemu mbalimbali za nchi. Mvua ilirudi, taa zikarudi, na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Tarehe 8 Oktoba 2004, Wangari Maathai alipopata habari akiwa Nyeri kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani, alichimba shimo akapanda mti, akiutazama Mlima Kenya.

Saa moja iliyotoka Sydney

Jumamosi ya tarehe 31 Machi 2007, mji wa Sydney, Australia, ulizima taa kwa hiari kuanzia saa moja unusu hadi saa mbili unusu usiku. Shirika la kimataifa la hifadhi ya mazingira, WWF, lilikuwa limewaomba wakazi wafanye hivyo kuonyesha kwamba wanajali mabadiliko ya tabianchi. Waandalizi walikadiria kwamba watu milioni 2.2 na biashara 2,000 walishiriki. Mwaka uliofuata miji ya nchi nyingine ikaingia, na mwaka 2009 nchi 88 zilizima taa pamoja. Jina lake la Kiingereza ni Earth Hour, Saa ya Dunia, na muda wake ukahamishwa hadi saa mbili unusu usiku.

Mwezi wa Machi ulichaguliwa kwa sababu karibu na tarehe 20 mchana na usiku hulingana, hivyo giza huingia karibu saa ileile kaskazini na kusini mwa dunia. Sisi tulio kwenye ikweta, ambayo hukata barabara karibu na Nanyuki, tunaishi katika ulingano huo mwaka mzima. Kwetu saa mbili unusu ni usiku kila siku ya mwaka.

Afrika Mashariki iliupokea mwaliko huo kwa namna yake. Nchini Uganda, mwaka 2013, WWF ilitumia Saa ya Dunia kuanzisha msitu: hekta 2,700 za ardhi iliyoharibika zilitengwa ili zipandwe miti. Waganda walikuwa wameelewa kwamba katika nchi ambayo wengi hawana taa ya kuzima, kampeni ya kuzima taa lazima iwe na jembe. Nchini Kenya pia WWF imekuwa ikiadhimisha saa hiyo na kuihusisha na misitu na maji.

Lakini tazama lililotokea hapa mwaka 2009. Mwezi wa Machi dunia ilizima taa kwa hiari kwa saa moja. Mwezi wa Juni, Masinga ilifungwa kwa sababu maji yalikuwa yameshuka chini ya kiwango cha kuendeshea mtambo. Mwezi wa Agosti, Kenya ikarudi kwenye mgao wa umeme. Chini ya Timau, kule Isiolo, Ewaso Ng'iro ilikauka masafa marefu, na wafugaji wakapandisha mifugo mlimani kutafuta nyasi. Ndani ya miezi mitano giza la hiari na giza la lazima yalikuwa yamefuatana. La kwanza lilipigwa picha na kusifiwa. La pili liliwafungia watu kazi.

Mtu anaweza kusema, kwa kuangalia mwaka huo, kwamba saa ya hiari ni anasa ya wenye umeme wa kutosha. Mimi nauona mwaka 2009 kuwa hoja kubwa kuliko zote ya kuitetea. Saa ya hiari huja wakati bado mtu ana nafasi ya kuchagua. Mgao huja baada ya nafasi hiyo kupita. Anayezima taa kwa saa moja huku bwawa likiwa limejaa, akautumia muda huo kufikiri maji yanatoka wapi, anafanya kazi ambayo nchi ilikataa kuifanya mwaka 1999.

Hesabu ya balbu

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli kuhusu hesabu. Nyumba ya kawaida ya Timau yenye balbu 5 za kisasa za wati 9 hutumia wati 45. Kuzizima kwa saa moja ni kuokoa chini ya sehemu 1 ya 20 ya yuniti moja ya stima. Nyumba inayooga kwa hita ya bomba ya kilowati 5 humaliza umeme wa balbu hizo wa zaidi ya saa 18 kwa kuoga dakika 10 tu. Na usiku Timau ni baridi, kwa hiyo mwenye uwezo huwasha hita hiyo hasa jioni.

Jioni ndiyo kiini. Kati ya saa moja na saa nne usiku Wakenya wengi huwa nyumbani, taa, televisheni, pasi na hita vikiwa vimewaka pamoja. Hiki ndicho kilele cha matumizi ya umeme nchini, na ndipo mitambo ya mafuta ya Mombasa na karibu na Nairobi huitwa kusaidia. Kwa sehemu kubwa ya siku umeme wetu ni safi: tangu Olkaria ianze kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na hasa tangu upanuzi mkubwa wa mwaka 2014 na kuunganishwa kwa upepo wa Turkana wenye megawati 310 mwaka 2018, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo visivyokwisha. Asilimia chafu inayobaki hujikusanya kwa wingi jioni. Saa mbili unusu usiku, iliyochaguliwa Sydney kwa sababu nyingine kabisa, imeangukia kwetu katikati ya kilele hicho. Nyumba inayozima hita yake saa hiyo, na kuahirisha pasi mpaka asubuhi, inagusa dizeli yenyewe.

Kampuni ya umeme iliijua hesabu hii. Mwaka 2010, baada ya mgao wa pili, iliwabadilishia wateja balbu zaidi ya milioni 1, ikachukua zile za zamani zinazokula umeme na kuwapa zinazookoa, bila malipo. Hakuna aliyekaa gizani, na kilele cha jioni kikashuka. Hilo ni funzo la kuweka pamoja na Saa ya Dunia: usiku mmoja huamsha, kifaa kilichobadilishwa hubaki.

Lakini moto mkubwa wa Timau hauko kwenye balbu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikitumia stima kwa mwanga, huku asilimia 55 zikipika kwa kuni na karibu 12 kwa makaa. Stima imefika ukutani na bado haijafika jikoni. Familia inaweza kuzima taa zake zote kwa saa moja, ikabaki imezunguka jiko la makaa yaliyotoka kwenye msitu wa mlima uleule unaojaza Tana. Kampeni isiyoona jiko hilo imeiacha nusu ya habari nje ya mlango.

Waliojiwashia wenyewe

Wapo watu wa mlima huu waliotangulia kuiona habari yote. Huko Mbuiru, upande wa Tharaka Nithi, wanakijiji walijenga mtambo wa Tungu-Kabiri wa kilowati 18 mwishoni mwa miaka ya 1990, wakisaidiwa na shirika la ITDG. Walinunua hisa, wakajitolea kila Jumanne kuchimba mfereji na kubeba mawe. Kule Kathamba, Kirinyaga, mwaka 2001 mashine ndogo ya kilowati 1.1 ilianza kuangaza nyumba 65, kila moja ikipata balbu moja au mbili. Nguvu yote ya mashine hiyo haitoshi hita moja ya kuogea.

Katika vijiji hivyo kila mtu alijua taa yake inatoka wapi. Chemchemi ikipungua, mwanga hufifia jioni ileile, na jirani aliyekata mti kando ya mto hahitaji ripoti ya ndege ili ajulikane. Gridi kubwa ilitupa wingi na ikatuondolea ujuzi huo. Mwezi wa Mei 2015 serikali ilianzisha mpango wa kuunganisha nyumba za karibu na transfoma kwa bei nafuu, na mamilioni ya Wakenya, wakiwemo wa vijiji vya mlima, wakapata stima kwa mara ya kwanza. Ni baraka ambayo hakuna mtu mwenye akili angependa irudishwe nyuma. Mtoto anayesoma kwa balbu hapumui moshi wa koroboi. Lakini kilichoingia ukutani kilikuwa waya na mita ya tokeni. Mlima haukuonekana tena.

Kinachofundishwa na Timau yenyewe ni jinsi ya kuuonyesha tena. Bonde la Ewaso Ng'iro limeteseka: mwezi wa Februari, mto uliokuwa ukipitisha karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde huko Archer's Post miaka ya 1960, ulikuwa umebakiza kama 1 miaka ya 1990, kwa kuwa watu, mashamba na mabomba yalikuwa yameongezeka juu. Wakazi walikuwa wakipigania maji. Vyama vya watumiaji wa mito vikaundwa, na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavipa nafasi rasmi. Kwenye mto Ngusishi wakulima wadogo, wenye ngano na wenye maua waliketi pamoja wakagawana zamu za maji, makampuni makubwa yakivuta na kuweka akiba wakati mto umejaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 nayo ikawapa wananchi nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na Ngare Ndare, msitu wa mierezi na mizeituni ya mwitu ambao ripoti ya 1999 ilikuwa imeutaja kwa majonzi, ukawa mmoja wa misitu inayolindwa na jirani zake. Mapema mwaka 2011 ndovu wa kwanza alipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, kwenye njia iliyojengwa ili wanyama wapate tena kutoka mlimani hadi Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Mwaka 2013 UNESCO ikaiunganisha Lewa na Ngare Ndare kwenye urithi wa dunia wa Mlima Kenya.

Kazi hizo zilichukua miaka, na kila moja ilianza na watu kuketi na kukubali kujinyima kitu kabla hawajalazimishwa. Zamu ya maji ni kufunga bomba lako kwa hiari ili jirani wa chini apate. Kuzima taa kwa hiari ni tabia hiyohiyo ikiwa imeingia nyumbani.

Juu kabisa kuna ushahidi ambao kazi ya Timau pekee haiwezi kuurekebisha. Mpanda mlima Halford Mackinder na wenzake walipofika kilele cha Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito 18 ya barafu. Mingi imetoweka. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mito yetu haitegemei sana barafu hiyo. Inategemea mvua na msitu. Lakini barafu ni kipimo cha joto la dunia, na joto hilo limeletwa zaidi na nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja. Hapo ndipo saa ya Machi inapokuwa haki yetu pia. Nchi ambayo umeme wake ni safi kwa asilimia 90 ina sauti ya kuwadai wale ambao umeme wao si safi, na watu wa Timau hawana sababu ya kuipokea saa hiyo kama wanafunzi wa Sydney. Wanaweza kuiongoza.

Basi ifanywe kwa namna ya mlima. Saa mbili unusu ikifika, nyumba yenye hita na pasi ianze kuzima vifaa hivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyoita dizeli. Hoteli na mashamba makubwa yenye taa za usiku yazime kwanza kabla ya kumwomba mama mwenye balbu mbili. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wawasimulie vijana mgao ulivyokuwa na ripoti ya ndege ilisema nini, kwa sababu kizazi kilichozaliwa baadaye hakijui kwamba hayo mawili yaliwahi kukutana. Na Jumapili inayofuata, chama cha mto na chama cha msitu vifungue vitabu vyao mbele ya wananchi: nani anavuta maji kiasi gani, eneo gani limekatwa, miche mingapi ya mwaka jana imeshika. Aliyekaa gizani kwa hiari amejipatia haki ya kuuliza maswali hayo na kujibiwa, na mwaka ambao Wakenya watayauliza bwawa likiwa bado limejaa, watakuwa wamefanya jambo ambalo giza la mwaka 2000 halikuweza kuwafundisha.